Sura ya Tano: Mjumbe Hauawi

Katika baadhi ya mawingu binafsi kuna mashine ambazo hakuna mtumiaji aliyeziagiza. Hazibebi tovuti ya mtu, hazitunzi hesabu za idara yoyote, wala hazimo katika orodha ya mashine za wateja. Wingu lenyewe huziunda pale linapozihitaji, likazipa majina mafupi yenye herufi na namba, kisha likazikabidhi kazi zake za ndani: kupokea na kusafirisha faili kubwa, kumfungulia mtumiaji dirisha la kuiona mashine yake, kugawa anwani na kulinda mipaka ya mitandao. Hizi ndizo mashine za mfumo. Siku mojawapo inapogeuka nyekundu kwenye ukurasa wa msimamizi, mafundi wengi hufanya jambo lile lile: huifuta, wakasubiri nyingine iundwe mahali pake. Ikizaliwa nzima, wanashukuru na kuendelea na kazi. Ikizaliwa mgonjwa, wanaifuta tena. Hoja ya sura hii ni kwamba desturi hiyo, ijapokuwa imeruhusiwa na walioujenga mfumo, hula saa nyingi za mafundi na za watumiaji wao, kwa sababu imejengwa juu ya kosa la kufikiri. Inadhani kwamba anayelia ndiye mgonjwa. Waswahili walishaweka kanuni juu ya jambo hili zamani, kabla ya kompyuta kufika pwani: mjumbe hauawi. Mashine ya mfumo ni mjumbe. Ukiiua kabla ya kuisikiliza, umepoteza habari na adui yako bado yuko palepale alipokuwa.

Ili hoja isielee hewani, tuishike kwenye mfumo mmoja unaojulikana, Apache CloudStack. Mfumo huu ulianzia katika kampuni changa iliyoanzishwa mwaka 2008 kwa jina la VMOps, ikabadili jina kuwa Cloud.com mwaka 2010. Citrix iliinunua mwaka 2011, na Aprili 2012 ikaukabidhi mfumo huo kwa Apache Software Foundation. Kufikia Machi 2013 ukawa mradi kamili wa taasisi hiyo. Tangu hapo mtu yeyote mwenye seva chache, swichi na diski anaweza kuuchukua bila kulipia leseni na kujijengea wingu lake mwenyewe. Ndani yake kuna seva ya usimamizi, ambayo ndiyo bongo; kuna hifadhidata ya MySQL, ambayo ndiyo kumbukumbu; na kuna seva wenyeji, ambazo zinabeba mashine pepe, yaani kompyuta zilizoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Hifadhi nazo ni mbili. Hifadhi ya msingi hutunza diski za mashine zinazofanya kazi. Hifadhi ya pili hutunza violezo vya kuundia mashine mpya, pamoja na nakala za diski zilizochukuliwa kwa tahadhari. Kati ya watu na vitu hivi vyote husimama mashine za mfumo za aina tatu: ya hifadhi ya pili, ambayo jina lake huanza na herufi s, ya kufungulia dirisha la mashine, inayoanza na v, na ruta pepe, inayoanza na r. Zote tatu ni kompyuta ndogo zinazoendeshwa na Debian. Hazina siri kubwa ndani yake, na huo ndio ushahidi wetu wa kwanza: kitu chepesi hivi, kinachoundwa upya kila mara kutoka kiolezo kilekile, hakina mahali pengi pa kuugulia peke yake.

Hebu tuhesabu yanayopaswa kuwa kweli ili mashine ya hifadhi ya pili iseme kwamba ni nzima. Kiolezo chake kiwe kimewekwa kwenye hifadhi ya pili, na kiwe kimenakiliwa hadi hifadhi ya msingi. Seva mwenyeji iweze kuifikia hifadhi hiyo ya msingi na kuandika humo. Mashine ipate anwani kwenye mtandao wa usimamizi na nyingine kwenye mtandao wa nje, na anwani hizo zisiwe zimekwisha kupewa kifaa kingine. Swichi zilizo njiani zipitishe mitandao hiyo kwa namba zilezile zilizoandikwa kwenye wingu. Programu ya wakala iliyo ndani ya mashine iifikie seva ya usimamizi kwenye poti 8250, na ili iifikie ni lazima iwe imeambiwa anwani sahihi ya kwenda. Ijue seva ya majina, ili ikitumwa kupakua kiolezo kutoka intaneti ijue pa kwenda. Iweze kuiambatisha hifadhi ya pili, kuisoma na kuiandika. Katika orodha yote hiyo, mambo yaliyo ndani ya mashine yenyewe ni machache mno. Yaliyobaki ni ahadi za wengine: swichi, seva ya hifadhi, hifadhidata, ukuta wa ulinzi, na fundi aliyejaza fomu ya usanidi. Kwa hiyo taa nyekundu ya mashine ya mfumo haimaanishi kwamba mashine ile ni mbovu. Inamaanisha kwamba katika mnyororo mrefu wa ahadi, mojawapo imevunjwa, na mashine hii ndiyo ya kwanza kuumizwa na kuvunjwa huko. Leslie Lamport, mwanasayansi wa Marekani aliyetunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2013, aliwahi kuueleza mfumo uliosambaa kuwa ni ule ambamo kompyuta usiyojua hata kama ipo inaweza kuharibika na kuifanya yako isitumike. Mashine ya mfumo ni kompyuta inayoishi kwenye hali hiyo kila siku.

Sasa tumtazame mtuhumiwa ambaye mara nyingi haitwi barazani, nayo ni hifadhi ya mtandao. Mawingu mengi madogo hutumia NFS, itifaki iliyotengenezwa na Sun Microsystems mwaka 1984, ambayo toleo lake la tatu, lililochapishwa mwaka 1995, bado linafanya kazi hadi leo. Ahadi yake ilikuwa tamu: faili iliyo kwenye seva ya mbali ionekane kana kwamba iko kwenye diski ya hapa hapa, na programu isihitaji kujua tofauti. Lakini tofauti ipo, na inajitokeza siku seva ya mbali inaponyamaza. Diski ya ndani ikifa hurudisha kosa mara moja. NFS iliyoambatishwa kwa njia ngumu, ambayo ndiyo ya kawaida, hairudishi kosa. Husubiri na kuomba tena, ikasubiri na kuomba tena, bila kikomo. Programu inayosubiri hukwama katika hali ambayo hata amri ya kuiua haiipati kirahisi. Msimamizi akitazama seva mwenyeji anaona mzigo unapanda juu sana, ilhali kichakataji hakina kazi ya maana: ni foleni ya waombaji waliosimama mbele ya mlango uliofungwa. Mwaka 1994 watafiti wanne wa maabara za Sun yenyewe walichapisha makala kuhusu kompyuta zilizosambaa na wakaichukua NFS kuwa mfano wao. Walionyesha kwamba chaguo la kuiambatisha kwa njia ngumu au laini ni uamuzi wa kuchagua kati ya kukwama na kuharibika, na kwamba tatizo hilo halitokani na uzembe wa waliouandika mfumo. Limo ndani ya wazo la kuuficha mtandao. Kwetu maana yake ni hii: hifadhi inapougua, hunyamaza. Wanaopiga kelele ni wale wanaoitegemea. Mtu anayefuata kelele atafika kwa mashine ya mfumo, na hatafika kwenye hifadhi kamwe.

Kelele hizo nazo hupotoshwa zikiwa njiani. Ujumbe unaowasumbua zaidi wasimamizi wapya wa CloudStack ni ule unaosema kwamba uwezo hautoshi. Fundi anausoma, anafungua takwimu, anaona kumbukumbu tele na nafasi ya diski ya kumwaga, anachanganyikiwa. Jibu limo katika namna mpangaji wa wingu anavyofanya kazi. Akiombwa kuwasha mashine, huchagua seva mwenyeji na hifadhi, akajaribu. Jaribio likishindwa, kwa sababu yoyote ile, mahali pale huwekwa kwenye orodha ya mahali pa kuepuka, naye akajaribu pengine. Mahali pote pakishaingia kwenye orodha hiyo, anageuka na kusema ukweli wake wa mwisho: sina pa kuiweka. Hakusema uongo, lakini alichosema ni hitimisho, na sababu imebaki nyuma, mistari mamia kadhaa juu kwenye faili ya kumbukumbu ya seva ya usimamizi, ambako jaribio la kwanza kabisa lilikataliwa. Kuna kanuni hapa ambayo ningependa kila fundi aishike: katika kisa cha namna hii, kosa la mwisho ndilo linaloonyeshwa, na kosa la kwanza ndilo lenye maana. Kila kazi kwenye faili ile ina namba yake. Fundi mwenye subira huchukua namba ya kazi iliyoshindwa, akaifuata kurudi nyuma hadi mahali ilipojikwaa mara ya kwanza, ndipo anaanza kufikiri.

Tuchukue mifano minne ya hitilafu zinazojulikana, tuone jinsi dalili na chanzo vinavyokaa mbali. Ya kwanza iko kwenye seva ya NFS. Kwa kawaida NFS humshusha cheo mtumiaji mkuu wa mashine ya mbali na kumfanya kuwa mtu asiye na jina, kwa ajili ya usalama. Wingu huhitaji ulinzi huo uondolewe kwa chaguo liitwalo no_root_squash. Likisahauliwa, hifadhi huambatishwa vizuri, saraka husomeka, na kila mtu huapa kwamba hifadhi ni nzima, mpaka mashine inapojaribu kuandika. Ya pili iko kwenye swichi. Ili kuharakisha hifadhi, mafundi huongeza ukubwa wa pakiti kutoka baiti 1500 hadi 9000. Kifaa kimoja njiani kikibaki kwenye 1500, pakiti ndogo zinapita na kubwa zinatupwa. Amri ya ping inajibu, hifadhi inaambatishwa, lakini ukiorodhesha saraka yenye faili nyingi, skrini inaganda. Ya tatu iko kwenye usanidi wa wingu: thamani iitwayo host, ambayo huziambia mashine za mfumo seva ya usimamizi iko wapi. Ikibaki 127.0.0.1, kila mashine ya mfumo inamtafuta bwana wake ndani ya tumbo lake yenyewe, haimpati, inatangazwa kuwa imekatika. Ya nne ni ruhusa ya kupakua: kiolezo kikiwa kwenye seva ya ndani ya taasisi, mashine ya hifadhi ya pili hukataa kwenda huko mpaka anwani za mtandao huo ziorodheshwe katika secstorage.allowed.internal.sites. Katika visa vyote vinne anayeonekana mbovu ni mashine ya mfumo. Katika visa vyote vinne ukiifuta na kuiunda upya mara kumi, utapata mashine kumi zenye ugonjwa uleule, kwa sababu zote zimezaliwa katika nyumba ileile.

Mtu anaweza kudhani kwamba haya ni matatizo ya mawingu madogo yenye mafundi wachache. Historia inasema vingine. Tarehe 21 Aprili 2011, katika vituo vya Amazon vya mashariki mwa Marekani, mafundi walikuwa wakibadili mtandao ili kuuongezea uwezo. Kwa makosa, mizigo ya hifadhi ilielekezwa kwenye mtandao wa akiba ambao haukuwa na uwezo wa kuibeba. Seva za hifadhi zikapoteza mawasiliano na wenzao waliokuwa na nakala za data. Mtandao uliporudishwa, zote kwa pamoja zikaanza kutafuta nafasi ya kutengeneza nakala mpya, zikaimaliza nafasi yote iliyokuwapo, zikaendelea kutafuta. Asilimia 13 hivi ya diski za eneo lililoathirika zilikwama, na asilimia 0.07 hazikurudi kamwe. Tarehe 21 Oktoba 2018, GitHub ilipoteza mawasiliano kati ya sehemu zake mbili za mashariki kwa sekunde 43 tu, wakati kifaa cha mtandao kikibadilishwa. Katika sekunde hizo programu ya kusimamia hifadhidata iliamua kwamba waliokuwa kimya wamekufa, ikawapandisha wengine vyeo upande wa magharibi. Huduma zake zilidhoofika kwa saa 24 na dakika 11, wakati data za pande mbili zikishughulikiwa. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook ilitoweka kwenye intaneti kwa karibu saa sita, na watu wengi walisema seva zake za majina zimekufa. Hazikuwa zimekufa. Mtandao wa ndani uliounganisha vituo vya data ulikuwa umekatwa na amri iliyokosewa, nazo seva za majina, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo hivyo, zilijiondoa zenyewe kama zilivyofundishwa. Visa vitatu, kampuni tatu, na umbo moja: mtandao unajikwaa, hifadhi au huduma ya nyuma inanyamaza, na wajumbe ndio wanaotajwa kwenye habari. Katika viwili vya kwanza kuna nyongeza ya kutisha: madhara makubwa hayakuletwa na hitilafu yenyewe, yaliletwa na haraka ya kuijibu.

Kama hoja hii ni sahihi, basi kazi ya kutafuta hitilafu ina mpangilio wake, nao huanzia chini kwenda juu, na hufanyika kutoka mahali anaposimama anayeumia. Sehemu hii ya pili ndiyo inayosahauliwa. Fundi huketi kwenye kompyuta yake ya mezani, anaifikia seva ya NFS bila tabu, anatangaza kwamba hifadhi iko sawa. Lakini kompyuta yake iko kwenye mtandao mwingine, inapita njia nyingine, na ina ruhusa nyingine. Alichothibitisha ni kwamba yeye anaifikia hifadhi, na hakuna aliyekuwa na shaka na hilo. Lazima aingie ndani ya mashine inayolia. Kwenye seva wenyeji zinazotumia KVM, programu ya kuendeshea mashine pepe, mlango upo: mashine ya mfumo ina anwani inayoanza na 169.254, hufikiwa kutoka kwa mwenyeji wake tu, kwenye poti 3922, kwa ufunguo uliowekwa huko na wingu lenyewe. Ndani yake waundaji waliacha hati ndogo ya ukaguzi iitwayo ssvm-check.sh. Inafaa kuisoma, maana mpangilio wake ni somo: kwanza inauliza kama seva ya majina inafikika, kisha kama majina yanatafsiriwa, kisha kama hifadhi imeambatishwa, kisha kama inaandikika, kisha kama poti 8250 ya seva ya usimamizi iko wazi, na mwisho kabisa kama programu ya wakala inafanya kazi. Waliomjenga mjumbe walijua kwamba yeye ni wa kushukiwa mwisho, wakaliandika hilo kwenye chombo chake cha kujichunguzia. Baada ya hapo fundi apime njia kwa mzigo wa kweli: atume pakiti za baiti 8972 zisizoruhusiwa kugawanywa, ambazo pamoja na vichwa vyake hutimiza 9000, aandike faili kubwa, asiridhike na kuisoma ndogo, na alinganishe saa za seva zote, kwa kuwa kumbukumbu za seva mbili zenye saa tofauti haziwezi kusimulia kisa kimoja.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni zito, na halistahili kupuuzwa. Wapo watakaosema: mashine za mfumo ziliundwa makusudi ili zifutwe. Hazina data ya mtu, wingu huziunda upya lenyewe, na mwongozo wenyewe unashauri kufanya hivyo zinapokwama. Ni kweli. Wakala ndani yake anaweza kukwama, kumbukumbu yake inaweza kujaa, kiolezo cha zamani kinaweza kukataa kufanya kazi na toleo jipya la wingu. Hapo kuunda upya ndiyo dawa, na inafanya kazi kwa dakika chache. Ninachokataa ni kuifanya dawa hiyo iwe swali la kwanza. Kufuta ni jaribio linaloharibu ushahidi: kumbukumbu zote zilizokuwa ndani ya mashine, pamoja na mistari ile ya kwanza yenye maana, huondoka nayo. Aidha kuzaliwa upya kunahitaji hifadhi ileile inayoshukiwa. Ikiwa hifadhi ya msingi imekwama, umeifuta mashine iliyokuwa nusu hai, na mpya haitasimama. Ulikuwa na mjumbe mwenye kigugumizi, sasa huna mjumbe. Na kama ile ya zamani ilikuwa katikati ya kunakili kiolezo au nakala ya diski, kazi hiyo imekatika. Hivyo ushauri wangu ni wa mpangilio tu: ingia kwanza, kagua, hamisha kumbukumbu zake mahali salama, kisha ukitaka kuifuta ifute. Itakugharimu dakika kumi. Ikizaliwa nzima, utakuwa na maelezo ya kwa nini ile ya kwanza iliugua. Ikizaliwa mgonjwa, utakuwa na ushahidi kwamba chanzo kiko nje yake, na hutaifuta mara ya tatu.

Pingamizi la pili linatoka kwa meneja, na lina uchungu wa kweli: watumiaji wamekwama, huduma kwanza, uchunguzi baadaye. Ni haki kudai hivyo. Lakini tuangalie haraka inavyolipa katika mfumo wenye hifadhi ya mtandao. Katika matoleo mengi ya CloudStack, kila seva mwenyeji ya KVM huandika alama ya uhai kwenye hifadhi ya msingi ya NFS. Ikishindwa kuandika baada ya kujaribu mara kadhaa, hujizima na kujiwasha upya kwa nguvu. Sababu yake ni njema: mashine moja pepe isije ikawashwa kwenye seva mbili, zote mbili zikaiandikia diski moja na kuiharibu. Lakini fikiria fundi mwenye haraka, ambaye akiona mashine ya mfumo imekwama anaiwasha upya seva ya hifadhi bila kuuliza nani anaitegemea. Kwa dakika zile ambazo hifadhi iko kimya, seva wenyeji zote zinazoiandikia zinaweza kujizima moja baada ya nyingine, pamoja na mashine zote za watumiaji zilizokuwa nzima. Mashine moja iliyolia imegeuzwa msiba wa mtaa mzima. Haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo ina hesabu nyuma yake: gharama ya kungoja dakika kumi inajulikana, na gharama ya kugusa kitu kinachobeba kila kitu haijulikani mpaka umeshakigusa. Meneja anayetaka huduma irudi mapema ana kila sababu ya kumlinda fundi wake dhidi ya shinikizo katika dakika hizo za mwanzo.

Pingamizi la tatu linasema kwamba tatizo ni uchaguzi wa vifaa. Acheni NFS, tumieni hifadhi iliyosambaa yenye nakala tatu. Au acheni wingu binafsi kabisa, mkapange kwa makampuni makubwa. Hifadhi iliyosambaa hakika huondoa udhaifu wa kutegemea seva moja. Lakini huongeza mazungumzo ya mtandao, na kisa cha Amazon cha mwaka 2011 kilikuwa hasa cha hifadhi iliyosambaa yenye nakala: nakala zilitafutana mpaka zikaumizana. Ama kupanga kwa makampuni makubwa, ni uamuzi halali kwa wengi, ila hauondoi mnyororo. Unauhamishia mahali usipouona. Tarehe 28 Februari 2017 hifadhi ya S3 ya Amazon ilianguka baada ya amri moja kukosewa, na kwa saa za mwanzo ukurasa wa kuwatangazia wateja hali ya huduma haukuweza kubadilishwa, kwa kuwa nao ulitegemea S3. Tena zipo taasisi ambazo haziwezi kuhama kwa matakwa tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa waziri uwezo wa kuelekeza kwamba uchakataji wa aina fulani za data ufanyike kwenye seva zilizo ndani ya nchi, na Tanzania nayo ilitunga sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022, yenye masharti juu ya kusafirisha taarifa nje ya mipaka. Hospitali, benki na vyuo vitaendelea kuwa na vyumba vya seva. Ndani ya vyumba hivyo kutakuwa na hifadhi, swichi na wajumbe wao, na kutahitajika watu wanaojua kuwasikiliza.

Kutoka hapo yanafuata matakwa mawili ambayo hayahitaji fedha nyingi. La kwanza ni ramani. Kila wingu liwe na karatasi moja, iliyochapishwa na kubandikwa ukutani, inayoonyesha nani anamtegemea nani: hifadhi ipi inabeba seva zipi, mtandao upi una namba ipi, pakiti zina ukubwa gani kila mahali, poti zipi lazima ziwe wazi. Karatasi hiyo isihifadhiwe ndani ya wingu lenyewe, kwani siku itakapohitajika ndiyo siku ambayo wingu halifunguki. La pili ni umoja wa kazi. Katika taasisi nyingi mtandao una mtu wake, hifadhi ina mtu wake, na wingu lina mtu wake. Kila mmoja hupima kipande chake, akakikuta kizima, akarudi mezani kwake akiwa na amani. Hitilafu nyingi tulizozitaja haziishi ndani ya kipande cha yeyote. Zinaishi mahali vipande vinapokutana: pakiti kubwa ya huyu kwenye swichi ya yule, mtumiaji mkuu wa huyu kwenye ruhusa za yule. Watu watatu wakikaa pamoja mbele ya skrini moja, wakiwa ndani ya mashine inayolia, wataona kwa robo saa jambo ambalo barua pepe za siku mbili hazitalionyesha.

Kwa hiyo wewe unayetunza wingu la taasisi yako, siku taa ya mashine ya mfumo itakapogeuka nyekundu, uzuie mkono wako kwanza. Ingia ndani yake, iulize inamngoja nani, halafu umfuate huyo hadi kwenye swichi na hadi kwenye diski. Nakili kumbukumbu zake kabla hujagusa chochote. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike ulichobadili. Ukishajua chanzo, ndipo uifute kama bado kuna haja. Mara nyingi utaikuta imekwisha kurudi kijani yenyewe, kwa sababu tangu mwanzo haikuwa inaumwa.